Mwaka wa Mbavu Laini

Juzi tulimzika Mzee Muthiani kwao Machakos, na tuliporudi Nairobi na vumbi jekundu kwenye viatu, mjukuu wake mmoja akatualika kwake karibu na Dagoretti Corner tupumzike na kula. Kijana huyo ana jiko la kuchomea nyama lenye kifuniko cha mviringo, magurudumu na kipimajoto mbele. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye dirisha, na ndani ya simu kulikuwa na mzungu mwenye ndevu na aproni akieleza namna ya kuchoma mbavu mpaka nyama iachane na mfupa bila ugomvi. Nikavuta kiti. Mimi tangu zamani nikiona mtu anafanya jambo lazima niulize, na umri haujanitibu. "Aunty, hii inaitwa low and slow," akaniambia huku akifunika. "Ni style ya Wamarekani. Huku watu hawaijui." Nilicheka mpaka mama mmoja wa kanisani akanitazama kwa jicho la matangani. Kijana akatabasamu kwa adabu, kisha akaniuliza: "Lakini wewe uliishi kwao Woodley, si ndio? Kila mtu anasema mbavu za babu zilikuwa soft kushinda za mtu yeyote. Alifunzwa na nani?" Nikamwambia ni hadithi ndefu. Akasema sawa, akarudi kwa kipimajoto chake, maana vijana wa leo hadithi ndefu huikimbia kama mvua. Basi nimeiandika hapa, akitaka ataisoma.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikipokea simu katika ofisi moja Upper Hill. Wakati ule bado kulikuwa na nyumba za zamani zenye bustani katikati ya maghorofa, na sisi ofisi yetu ilikuwa ndani ya kilichokuwa chumba cha kulala cha mtu, na kwenye kabati la nguo tuliweka faili. Jioni nilishuka kwa miguu kufuata Ngong Road hadi Woodley, ambako nilikuwa nimepangishwa chumba cha uani kwa Mzee Muthiani na mkewe, Mama Kalondu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, yenye vigae vyekundu na ua wa kaiyaba uliojaa miiba. Ukuta wa chumba changu ndio uliokuwa ukuta wa jikoni kwao. Nilijua wanapika nini kabla sijavua viatu, na nilijua wanasema nini pia, kwa sababu Mama Kalondu alipokuwa akikoroga sufuria aliongea kana kwamba mwenzake yuko ng'ambo ya mto. Sikuwa nasikiliza kwa ubaya. Ni masikio tu, na ukuta ulikuwa mwembamba. Mama mwenyewe alikuwa akisema kwamba mdomo wangu hauna pazia, na kwamba siku nitakayoolewa atamuonya bwana harusi.

Nilipohamia pale Januari, kila Jumapili baada ya ibada uani kulikuwa na moshi. Mzee alikuwa na jiko la pipa lililokatwa katikati, limechomelewa na mafundi wa jua kali wa kando ya barabara, na mguu wake mmoja mfupi uliwekewa jiwe. Pale ndipo alipochoma mbavu za mbuzi. Jirani waliokaribia walikuja na viti vyao. Sheria zilikuwa zinajulikana bila kuandikwa: wanaume wako kwenye moto, wanawake wako jikoni kwenye ugali na kachumbari, na mgeni yeyote wa kiume ana haki ya kulisogelea jiko, kuchungulia nyama, kuibonyeza kwa kidole, kuilaumu, na kukatiwa kipande cha kuonja. Nyama ya choma haifichwi. Huchomwa mbele ya macho ya watu, na nusu ya raha yake ni yale mabishano. Na mbavu za Mzee wakati ule, niseme ukweli, zilikuwa ngumu. Ugumu ndio ulikuwa sifa yake. "Nyama inataka vita," alikuwa akisema, akirarua ubavu kwa meno ya pembeni huku shingo ikimsimama mishipa. Kama ungemwambia ni laini angekuona umemtukana, kwa kuwa kwa watu wa Nairobi wa rika lake nyama laini ilikuwa ya wagonjwa na wazee.

Kabla ya Pasaka moshi ukakoma. Jumapili ya kwanza nilidhani makaa yameisha. Jumapili ya pili Mama akawaambia jirani kwamba jiko limetoboka. Nikatoka na kulizunguka, nikainama, nikatia mkono ndani. Halikuwa na tundu lolote isipokuwa yale ya fundi. Mzee mwenyewe alikuwa amefuga masharubu ghafla, anatembea na leso mkononi, na akisalimiwa anajibu kwa puani. Mtu aliyekuwa akicheka hadi wa barabarani wakageuka, sasa alikuwa mkimya kama chumba cha wageni. Jumapili ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, nikasikia kupitia ukuta kinu kinatwanga. Nikatoka. Mama Kalondu alikuwa ameketi kwenye kigoda, mchi mkononi, mlango umerudishwa nusu.

"Mama, unatwanga nini?"

"Mahindi ya muthokoi."

"Muthokoi hainuki kitunguu saumu."

Akaendelea kutwanga. Kisha sauti ikatoka nyuma ya mlango, sauti ya mtu anayezungumza na midomo iliyobanwa. "Mwambie tu. Huyu asipoambiwa hatalala."

Nilipochungulia nikamwona Mzee amekaa na sahani kwenye magoti, anangoja nyama yake itwangwe kama mahindi. Ufizi ulikuwa umeugua muda mrefu, naye alikuwa ameuficha ugonjwa huo kwa karafuu na maji ya chumvi, mpaka siku alipokwenda hospitali wakamwambia hakuna la kuokoa. Meno yote yakang'olewa, kwa awamu. Alitengenezewa ya bandia, yakamchuna hadi damu, akayafunga kwenye kitambaa na kuyaweka juu ya kabati. Alinieleza haya akiangalia ukutani, akanitaka niape kwamba sitamwambia mtu yeyote. "Na Kalondu?" nikauliza. "Kalondu ndiye wa kwanza wa kutoambiwa," akajibu. Kalondu ni binti yao wa pekee, alikuwa mwalimu Thika, akija nyumbani baadhi ya Jumapili. Niliapa. Hata sasa sijui ningefanya nini kingine, nimesimama pale na mzee wa watu anaona haya.

Shida ni kwamba Pasaka hiyo hiyo Kalondu alimleta mchumba. Aliitwa Ndung'u, kijana mpole Mkikuyu wa Dagoretti, mtoto wa watu wenye ng'ombe na nyumba za kupangisha, aliyevaa tai siku ya jua kali na kubeba mkate na majani ya chai. Nakumbuka sebule ile siku ile: vitambaa vya kufuma juu ya viti, kalenda ya kanisa, kuku mzima amekaa katikati ya meza. Ndung'u alisimulia kisa kimoja cha kuchekesha sana kuhusu ng'ombe wa baba yake aliyeingia kwenye ibada. Mama akacheka, mimi nikacheka mpaka nikashika meza. Mzee akatazama dirishani na kusema, "Mm." Chakula kilipopakuliwa akainuka, akasema ana mtu wa kuonana naye, akatoka na leso yake. Ndung'u alibaki ameshika kijiko, hajui kama aanze au asianze.

Jioni Kalondu akaja chumbani kwangu, akaketi kitandani na viatu vyake. "Zipo, dad hamtaki," akasema, akinifupisha jina kama kawaida yake. "Umeona vile amemwangalia? Hata kula na yeye amekataa. Si aseme tu ni juu ya kabila." Nikamwambia siamini kama ni kabila, aongee naye. "Niongee aje na mtu anasema 'mm'?" Alilia kidogo, akajipangusa na shuka yangu, akacheka kwa sababu ya kujipangusa na shuka, halafu akalia tena. Nilimpenda sana Kalondu. Nilimsindikiza hadi stendi nikiwa nimebana mdomo, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi.

Niliporudi nikaenda moja kwa moja kwa Mzee, nikamweleza binti yake anafikiri nini. Nikamwomba amwambie. Alisikiliza yote. "Zipora," akasema, kwani yeye hakufupisha jina la mtu, "punda ndiye anafunguliwa mdomo sokoni watu waangalie meno. Mimi si punda." Mama akajaribu pia, usiku na mchana, nilimsikia kupitia ukuta. Mzee akawa anasema meno ya bandia yatazoea, ufizi utakuwa mgumu, mambo yatajipa. Miezi ikapita, na kila Jumapili Ndung'u alipokuja Mzee alikuwa na mtu wa kuonana naye.

Kisha zikaja habari kwamba watu wa Ndung'u wataleta mbuzi Desemba. Kwa Wakamba kuna mbuzi wa ntheo, ambao wasipoletwa mwanamke hahesabiwi kuwa ameolewa, hata akiwa na pete na cheti cha kanisa. Mmoja huchinjwa na pande zote mbili hula pamoja. Kwao Mzee Muthiani ilikuwa wazi kabisa: baba wa binti akila nyama ile mbele ya wageni, amekubali. Asipokula, wageni wanarudi kwao na maswali. Nikasikia Mama akimwambia jikoni, "Hiyo siku hutakuwa na mtu wa kuonana naye." Nikasikia kijiko kikiwekwa chini. "Nitakula," Mzee akasema. "Na nini?" Mama akauliza. Mimi upande wangu wa ukuta nikajiona nimesimama katikati ya chumba kana kwamba swali limeulizwa kwangu.

Asubuhi yake nikamwendea. Nikamuuliza kwa nini nyama ya choma lazima iwe ngumu. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. Nikasema, tuseme si lazima. Tuseme kuna njia ya kuichoma mbavu mpaka mtu asiye na meno aile, na mtu mwenye meno asijue. Akatafakari sana, akipapasa masharubu. "Mwanamke kwa jiko ya nyama, watu watasema nini?" Nikamwambia watasema ninachoma mahindi. Hivyo ndivyo mimi na Mzee tulivyoanza, kwa siri, Jumamosi alasiri, ua wa kaiyaba ukitukinga na macho ya jirani, na mkono wake mmoja ukinielekeza bila yeye kufungua mdomo zaidi ya ilivyohitajika.

Sijawahi tena kuwa na miezi ya furaha kama ile, na nasema hivyo nikiwa nimelea watoto na kuzuru nchi za watu. Kila kitu kilikuwa swali. Kwanza nilitumia magadi. Mama alikuwa akitia kidogo kwenye maharagwe yakaiva upesi, nami nikaona kinacholainisha maharagwe kitashindwaje na mbuzi. Nikasugua mbavu nzima kwa magadi, kwa ukarimu. Zilitoka rangi ya waridi iliyonitisha, laini kweli, lakini ladha ilikuwa ya sabuni ya kipande. Mzee alitafuna kwa ufizi, akatema kwenye leso, akasema, "Hii inaweza kufua shati." Wiki nyingine nikajaribu papai bichi, nililoambiwa na mama muuza matunda wa Dagoretti Corner. Alisema nipake kisha nisubiri kidogo. Mimi nikasubiri usiku kucha, maana niliona kama kidogo ni kizuri, kingi ni kizuri zaidi. Asubuhi nyama ilikuwa imegeuka uji juu ya mifupa. Mbwa wa jirani alipewa, akainusa, akarudi kulala.

Halafu nikafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angeanza nalo. Nikachemsha mbavu kwanza na tangawizi, kisha nikazipitisha motoni zipate rangi. Kwa macho zilikuwa choma kamili. Mzee akaweka kipande mdomoni na kukitoa mara moja. "Hii imeoga," akasema. Nikamwambia ni laini. Akasema anajua ni laini, lakini utamu umebaki kwenye maji, na mwanamume yeyote anayejua nyama akionja atajua ilipitia sufuria. "Kuchemshia wakwe nyama ya choma ni matusi. Ni afadhali niwape chai." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tunatafuta nyama ambayo Mzee angeweza kuila bila kuionea haya, jambo gumu kuliko ulaini peke yake.

Jibu lilikuja kidogo kidogo. Siku moja nikiosha mbavu niliona ule utando wa upande wa ndani, ngozi nyembamba inayong'aa, nikakumbuka kwamba motoni ndio unaojikunja kwanza na kukaza mbavu kama mkanda. Nikaushika kwa kitambaa, nikauinua kwa mkia wa kijiko, ukabanduka wote kwa mkupuo mmoja, nami nikapiga ukelele uliomtoa Mama jikoni. Mzee akaleta ujuzi wake wa moto. Aliyasogeza makaa ya mgunga upande mmoja wa pipa na kuweka mbavu upande mwingine, ambako mkono ungeweza kukaa bila kuungua. Chini yake tukaweka mkebe wa maji ili mvuke uwe ukipanda. Lakini joto lilikimbia na upepo. Nikazunguka uani nikitafuta cha kufunikia, nikaliona karai lililobaki kwa mafundi waliowahi kutengeneza choo. Tukalisugua kwa majivu, tukaliinamisha juu ya mbavu. Mzee akalitazama lile karai kwa muda. "Nyama iliyofunikwa," akasema, kwa masikitiko ya mtu anayebadili dini.

Jumapili moja ambayo Kalondu hakuja tuliwasha watu wakienda ibada ya kwanza, na wale wa ibada ya pili walikuwa wameshatoka tulipofunua. Katikati tuliinua karai mara chache tu kunyunyizia maji ya chumvi na limau. Mimi nilikuwa nikichungulia kila dakika mpaka Mzee akanipiga mkono na koleo. "Haraka haraka," akasema, akaacha nimalizie mwenyewe. Mbavu zilikuwa na rangi ya chai ya rangi, zimetoka jasho la mafuta, na ncha za mifupa zimechomoza. Mzee akashika mmoja, akauvuta, nyama ikabaki mkononi. Akaiweka mdomoni. Taya lake likafanya kazi polepole, akafumba macho. Akachukua wa pili. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Alipoona amechukua wa tatu akarudi ndani, na kupitia dirishani nikamsikia akiimba wimbo wa kanisani, sauti ikikatika katikati. Tangu Machi hakuwa amemwona mumewe akila kitu bila kinu. Nami niliona fahari kubwa, nakiri, fahari ya kipumbavu ya msichana aliyelishinda papai.

Siku ya wageni mbuzi walikuwa wameletwa tangu jana yake na mmoja kuchinjwa jioni, kwa ombi la Mzee, kwani tulikuwa tumegundua pia kwamba nyama iliyolala ni tulivu kuliko ya mbuzi aliyechinjwa asubuhi. Ombi hilo liliwashangaza. Walifika wengi, akina mama na leso mabegani, kreti za soda, wazee na fimbo zao. Msemaji wao alikuwa ndugu mkubwa wa baba yake Ndung'u, mtu mrefu wa ulimi mkali ambaye wote walimwita Baba Mkubwa. Baba yake Ndung'u mwenyewe alikuwa mfupi, mtaratibu, kofia kwenye goti. Salamu zikaenda vizuri, maombi yakaenda vizuri, mazungumzo yakaenda vizuri kwa kuwa Mzee alikuwa na msemaji wake na hakulazimika kusema mengi. Kalondu alikuwa jikoni nasi, amevaa gauni la manjano, hanywi wala hali. "Akikataa kula leo," akaninong'oneza, "mimi nimechoka, Zipo." Sikujua bado alimaanisha nini. Nikamwambia atakula. Nilikuwa na hakika, kwani nilikuwa nimezibonyeza mbavu zile kwa kidole changu mwenyewe.

Kitu ambacho mimi na Mzee, kwa ujanja wetu wote, hatukukifikiria ni karai. Wanaume wa upande ule walitoka nje kama desturi ilivyo, wakalizunguka jiko, wakakuta nyama imefunikwa. Mmoja akauliza, "Hii imefichwa nini?" Mwingine akanyoosha mkono afunue, Mzee akamzuia kwa koleo. Hakuna aliyeonjeshwa. Wakarudi kwenye viti wakitazamana. Chakula kilipopakuliwa, Mzee akakaa mbele ya wote, akachukua ubavu, akala. Alikula vizuri. Nilimtazama Kalondu, mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Na hapo Baba Mkubwa akainua ubavu wake, na nyama yote ikadondoka kwenye sahani, akabaki ameshika mfupa mweupe.

"Mzee Muthiani," akasema, kwa upole unaotisha, "pole, wacha niulize. Hii nyama mmechemsha?"

Watu wakaacha kutafuna.

"Haijachemshwa," Mzee akasema.

"Kwetu nyama namna hii tunapea mgonjwa, ama mama amejifungua. Sisi hatujakuja hospitali, tumekuja kuomba msichana. Mbuzi mkasema iletwe jana. Jiko mkafunika. Na tangu Easter kijana yetu anakuja hapa, na baba ya msichana hajawahi kula na yeye, hajawahi hata kucheka na yeye. Leo tunapewa nyama ya wagonjwa. Kama hamtutaki, tuambieni tu kwa mdomo. Sisi si watoto."

Ndung'u akasema, "Baba Mkubwa, tafadhali," akanyamazishwa. Mama akaanza kuinuka na Mzee akamwashiria akae. Kalondu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kachumbari. Nilikuwa nimefaulu kupita kiasi, na nyama yangu laini ndiyo iliyokuwa inaivunja ndoa ya rafiki yangu. Nilimtazama Mzee, nikaona amelifikia lile jambo na anageuka huku na huku kutafuta njia ya kulikwepa, na njia haipo. Akaweka ubavu chini. Akasimama. Akapangusa midomo, akaiweka leso mfukoni, kisha akafungua mdomo wake wazi, akaugeuza upande huu na upande ule, kila mtu aone.

"Sina hata moja," akasema. Bila kubana midomo sauti yake ilitoka na upepo, maneno yakiteleza. "Sikuchemsha. Nilichoma pole pole tangu asubuhi. Mbuzi ya binti yangu nilitaka kula mimi mwenyewe, na sikutaka mjue."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Baba yake Ndung'u, ambaye hakuwa amesema neno tangu maombi, ndiye aliyeuliza. "Tangu lini?"

"Kabla ya Easter."

"Ndiyo maana hukuwa unacheka na kijana?"

"Ningecheka na nini?" Mzee akajibu.

Baba Mkubwa akautazama mfupa aliokuwa ameushika bado, akauweka kwenye sahani taratibu. Akaona aibu, akavua kofia. Kalondu akaweka sinia chini, pale pale kwenye kizingiti, akatembea kupita katikati ya viti vya wageni hadi kwa baba yake.

"Baba, kumbe ni meno?"

Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Mwaka mzima. Mimi nilikuwa nimeamua wageni wakienda leo nimwambie Ndung'u tuachane. Juu siwezi kuolewa na mtu hutaki. Nilikuwa nimeamua kabisa, Baba."

Mzee alimtazama kana kwamba amepigwa. Nadhani hata yeye, aliyejua alichokuwa akificha, hakuwahi kujua kilichokuwa kikiendelea upande wa pili. Midomo ikamtetemeka, na safari hii hakuifunika. Akamshika binti yake mkono, akaketi, na kwa mkono mwingine akamwita Ndung'u, aliyekuwa amekaa mwisho kabisa na tai yake.

"Kijana, kuja tule," akamwambia. "Lakini utanivumilia. Mimi siku hizi nakula pole pole."

Ndung'u akabeba kiti chake, akakiweka ubavuni mwa Mzee, akachukua sahani. Wakala, na sisi wengine wote, wakwe kwa wenyeji, tukakaa tukiwangoja wamalize.